Picha ya Mgongo wa Bi Hidaya

Mliponiaga kazini mlinipa sufuria tatu na kitenge, mkaniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yenu. Sufuria nilianza kuzitumia kesho yake. Hili la kuandika nimelikwepa kwa miezi, kwa sababu shule niliiacha darasa la tano, na kwa sababu nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni ule unaoingia kwenye maungo ukahamia na mikeka yake. Lakini nimekaa nyumbani na mikono haina pa kwenda, basi nianze.

Nilizaliwa Bweni, hapa Mafia, pale barabara inapokata tamaa, na tangu nikiwa mdogo shida yangu ilikuwa kutaka kujua kuna nini mbele. Shule sikuiacha kwa umaskini. Mwalimu wetu alitaka tusiulize maswali mpaka amalize kufundisha, na hakuwa akimaliza. Nikatoka. Nilipika chakula mgahawani Dar es Salaam, nikalea watoto wa watu Unguja, nikabangua korosho Mtwara msimu mmoja na nusu, nikauza vitambaa Tanga. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua kazi inavyokwenda kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu miguu ikaanza kuwasha. Mama akiniita kishada kilichokatika uzi. Nilirudi Mafia kumzika yeye, nikapata kibarua cha kufagia hospitalini Kilindoni huku nikisubiri safari nyingine. Bado naisubiri.

Chumba cha eksirei kilikuwa katika zamu yangu ya ufagio. Siku ya kwanza nilikuta mlango una taa nyekundu juu yake, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia taa ile ina maana gani, nikagonga. Sauti ya kiume ikanijibu nisubiri. Nikagonga tena. Alipotoka nilimwona mtu mrefu, miwani kwenye paji la uso, mikono inanukia kama siki. Huyo ndiye Kessy, mtaalamu wa mionzi, mtu wa Moshi, Mkristo, aliyeletwa kisiwani kwa miaka miwili akakaa mpaka nywele zikageuka rangi. Nilimwomba radhi, kisha nikamuuliza kwa nini amebeba picha iliyolowa maji. Aliniangalia, akaangalia ufagio wangu, akaniambia niuegemeze ukutani niingie.

Ninyi mnatazama mifupa kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajavaa viatu. Sisi tulikuwa na chumba cha giza, kidogo kama choo, chenye joto kama tanuri, na beseni mbili za dawa. Dawa ya kwanza inaitoa picha, ya pili inaikamata isikimbie. Ukiharakisha, mfupa unatoka kama moshi. Ukichelewa, unatoka mweusi. Umeme ukikatika katikati, unabaki gizani na filamu mkononi, unahesabu kimoyomoyo na kumsikiliza fundi wa jenereta akiitukana jenereta. Filamu zikishatoka tulizianika kwenye waya kama nguo. Nyonga za watu, mbavu za watu, taya za watu, zote zinachuruzika maji pamoja. Nilizipenda mara moja. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimezunguka pwani yote kutafuta kuna nini mbele, kumbe kulikuwa na vya ndani sijavitazama.

Kessy hakunifundisha kama mwalimu. Aliweka filamu kwenye kisanduku cha taa akakaa kimya. Nikisema, “Huyu amevunjika,” alikasirika kwa utaratibu wake, maana hakuwa mtu wa kupaza sauti.

“Sikukuuliza ugonjwa,” alisema. “Niambie unachokiona.”

Basi nikajifunza kusema ninachokiona. Mstari mweusi unakata hapa. Ukingo huu una pembe, mwenzake hauna. Huu mweupe, huu umefifia. Ufagio ukapewa mtu mwingine, nami nikawa msaidizi wa chumba. Kuhusu mambo ya cheo mtamuuliza aliyekuwa akikitafuta.

Katika miaka ile wagonjwa walionichosha kuliko wote walikuwa bibi zetu. Walikuja wamelazwa juu ya kitanda cha kamba kilichobebwa na vijana, au nyuma ya gari la mizigo, mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje. Hata kabla ya kupiga picha ulijua shingo ya nyonga imekwenda. Ukiuliza ameangukaje, hakuanguka kutoka juu ya mti wala baharini. Aligeuka kuchukua kata ya maji. Aliinuka kwenye mswala. Mmoja alikuwa amekaa tu akifua nazi, akacheka kwa nguvu kwa neno alilosema jirani yake. Jirani huyo alikuja naye hospitali, analia, akidhani amemuua mwenzake kwa utani. Tuliwapa barua ya kwenda kutibiwa bara, wachache wakaenda. Wengine walirudi kulala, na aliyerudi kulala kwa nyonga hakuwa na safari ndefu.

Kessy alikuwa akiniambia kwamba sisi tunapiga picha za majivu. Nyumba imeshaungua, ndipo tunaitwa. Akaniwekea filamu za mabibi hao pembeni ya filamu ya kijana aliyegongwa na pikipiki, nikaona tofauti: ya kijana nyeupe na imara, za mabibi kama kitambaa kilichofuliwa mno. Akanionya nisijidanganye. Eksirei yetu ni ya kuona kilichovunjika. Ikifika mahali udhaifu unaonekana kwa macho kwenye filamu, mfupa umeshaliwa sana kwa ndani. Ipo mashine nyingine, alisema, inayopima mfupa mzima una uzito gani, ikakupa namba, na kwa namba ile unajua nani yuko karibu kuvunjika kabla hajavunjika. Nikamuuliza iko wapi. Akanionyesha upande wa bara kwa kidevu.

Mashine ilikuja yenyewe miaka mingi baadaye, ndani ya lori, kwa kivuko kutoka Nyamisati. Sisi tulikuwa tumeshaaga beseni na waya wakati huo. Wageni walioileta walikuwa wakizunguka mikoa ya pwani kupima mifupa ya wanawake waliokoma hedhi, na atakayeonekana hatarini angepewa vidonge. Watu wakaliita lori la mifupa. Watoto walikataa kupita karibu nalo. Wageni walimfundisha Kessy kulitumia, wakaridhika naye, wakawa wanatuachia sisi lori na wao kwenda kupumzika upande wa Ghuba ya Chole, na siwalaumu.

Nieleze kidogo ilivyofanya kazi, maana lori limekwenda na huenda msilione. Mgonjwa analala chali kwenye kitanda, miguu imewekwa juu ya sanduku ili mgongo ulale bapa. Mkono wa mashine unapita juu yake polepole bila kumgusa. Mionzi ni kidogo sana. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote, tulilaza kitandani kipande cha plastiki chenye umbo la pingili za mgongo na kukipima, kwa sababu plastiki haizeeki. Ikitoa namba tofauti na ya jana, mashine ndiyo iliyougua. Barabara ya kutoka gatini ililitikisa lori hata plastiki ile siku ya kwanza ikaonekana kama imezeeka njiani. Wakalirekebisha, na baada ya hapo halikusogezwa tena. Kina mama wa Bweni wakaambiwa waje wao.

Namba yenyewe inalinganisha mfupa wako na wa mwanamke kijana. Nilipowaeleza hivyo wakaona ni matusi. Mmoja akasema yeye hajalingana na mwanamwali hata kwa uso, iweje kwa mifupa. Mwingine akauliza mbele ya wenzake kama jambo hili si ramli, maana lijalo analijua Mungu peke yake, na foleni nzima ikasogea kusikiliza.

“Ramli inakwambia paa litaanguka Jumanne,” Kessy akamjibu. “Mimi nakwambia boriti ina mchwa. Paa linaweza likakaa miaka. Ila usipande juu yake kuchuma embe.”

Wakacheka, wakaingia.

Bi Hidaya alikuja siku ya pili au ya tatu. Nilimjua tangu utotoni, alikuwa rika la mama yangu kule Bweni. Mumewe, Mzee Shomari, alikuwa mwashi, mtu mwenye kifua kama mlango. Nusu ya nyumba za mawe za kule zina alama za mwiko wake. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na sehemu kubwa ya maneno, wakahamia Kilindoni kuwa karibu na hospitali, kwenye nyumba ya banda mbili waliyoachiwa na ndugu. Mtoto wao wa pekee aliyebaki alikuwa akifanya kazi Mwanza, akipiga simu kila Ijumaa. Kwa hiyo aliyemtoa Mzee kitandani, akamkalisha kitini, akampeleka msalani, akamtawadhisha na kumwelekeza kibla, alikuwa mke wake, mwanamke mdogo mwenye mgongo ulioanza kupinda.

Hakuja kupimwa kwa kuogopa kuvunjika. Aliniambia pale mlangoni, akiwa ameshika ndara mkononi kama anaingia msikitini.

“Mwanangu, mimi nataka kujua jambo moja tu. Mgongo huu utanifikisha naye?”

Nikamwambia mashine haijibu hivyo, lakini itatuambia kama ni salama aendelee kumnyanyua. Akasema hilo linatosha. Akavua hirizi ya shingoni, bangili, pini za ushungi, na vyote nilivyomwambia, akalala. Namba ikatoka nzuri. Si nzuri ya mwanamwali, lakini nzuri kwa umri wake, nje ya kundi la vidonge. Alishuka lorini kwa madaha, akawatangazia waliobaki kwenye foleni kwamba mifupa yake bado inachumbika. Nilimtazama akienda zake kwa haraka, maana Mzee alikuwa peke yake.

Mchana Kessy akaniita. Alikuwa ameinamia kompyuta, miwani machoni, jambo alilolifanya akiwa na wasiwasi tu.

“Mwanaidi, njoo uniambie unachokiona.”

Niliona mgongo wa mtu, sehemu ya chini. Na kwenye pingili mbili za mwisho niliona punje nyeupe, ndogo, zimepangana kwa mistari iliyopinda, kama mtama uliotungwa. Kessy alikuwa ameshazigundua. Alikuwa ameshapima tena kile kipande cha plastiki kuhakikisha si ugonjwa wa mashine, na ameshajua kuwa ni kitu kilichovaliwa, kigumu kuliko mfupa, na kwamba mashine imekihesabu kama mfupa. Alichokuwa hakijui ni kitu gani. Alifungua picha nyingine, na nyingine. Punje zilikuwepo kwa wengi, nyingine zimelala juu ya nyonga, nyingine juu ya mgongo.

“Wanavaa nini hapa?” akauliza, akigusa kiuno chake mwenyewe.

Nikatazama sakafu. Miaka yote ile tumeshika nyonga na mapaja ya watu pamoja bila haya, na swali hilo likanitia haya.

“Ni shanga, mtaalamu.”

Akavua miwani. Nadhani aliona haya kuliko mimi. Amekaa kisiwani muda ambao mtu anaweza kulea mtoto akamwoza, na jambo hilo hakuna aliyewahi kumwambia, maana nani angemwambia na kwa sababu gani? Kwenye eksirei za zamani nilikutana nazo mara chache, nami nilizisogeza kimya kimya kabla hajaingia. Lakini kwenye lori hatukuwafunua; walilala na kanga zao. Tuliwaambia wavue kila walichovaa cha chuma na kilicho kigumu, wakavua. Shanga hazimo katika hivyo, nami sikuziwaza. Kwa mama wa huku shanga si kitu alichovaa. Alifungwa na kungwi wake siku za harusi, uzi ukichakaa hutungwa upya, na habari zake ni za mume na mke, basi. Angeulizwa na mwanamume mgeni angejibu hana, na asingehisi amesema uongo.

Kwa hiyo tulikuwa tumepima kioo cha shanga tukasema ni mifupa. Wanawake kadhaa wa Mafia walikuwa wamerudi majumbani wakijua kuwa wao ni imara, na mmoja wao muda huo huo, yawezekana, alikuwa amemkumbatia mwashi mwenye kifua kama mlango akimwinua.

Tukaenda jioni ile, Kessy na mimi, kwa miguu. Yeye akabaki barazani. Mimi nikabisha hodi nikaingia, nikakuta hasa kile tulichokiogopa. Alikuwa amempitisha Mzee kanga mgongoni, ncha mbili amezisokota kwenye viganja vyake, goti lake limebana goti la mumewe. Akasema bismillahi, akavuta kwa mwili wote, na lile jitu likapanda kutoka kitandani likazunguka na kushuka kitini. Ilifanyika vizuri sana. Nilisimama nikasubiri kusikia kitu kikikatika.

Nikamwamkia Mzee shikamoo. Aliitikia marahaba kwa nusu ya mdomo, neno moja lililokuwa bado linatoka zima. Kisha nikamvuta mkewe ukumbini nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo mmepima shanga zangu.”

“Ndiyo, mama.”

“Na zimetoka nzuri.”

“Zimetoka nzuri sana.”

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kessy kule barazani alikohoa. Halafu kicheko kikamwisha ghafla, akaniuliza kama kipimo kingine kinahitaji azivue. Nikamwambia ndiyo. Akasema hilo si lake peke yake. Uzi ule hajaukata tangu alipofungwa ila kwa kuutunga upya, na siku hiyo Mzee mwenyewe ndiye hushika ncha ya pili. Nikamwambia upo uwezekano wa kumpima mkono wa mbele badala ya mgongo. Kessy alikuwa amenieleza hivyo njiani, kwamba si sawa kabisa lakini ni afadhali kuliko kukosa. Akakataa. Yeye hamnyanyui mume wake kwa mkono wa mbele, alisema. Anamnyanyua kwa mgongo.

Akarudi chumbani. Nilimsikia akimweleza Mzee, polepole, kama mtu anayemsomea mwingine barua. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume ikihangaika na neno, ikilianza, ikilipoteza, ikilianza tena, mpaka ikalitoa.

“Kata.”

Mimi nikatoka nje kukaa na Kessy. Mambo mengine mtu hapigiwi picha.

Asubuhi alirudi lorini. Tulimpima mara mbili. Namba safari hii ilikuwa mbaya, mbaya ya kutohitaji kuulizana. Lakini si namba iliyomfanya Kessy avae miwani. Alinigeuzia kioo cha kompyuta nami nikasema ninachokiona bila kungoja aniulize: pingili moja ni fupi kuliko jirani zake, imebonyea upande wa mbele kama kopo lililokanyagwa. Tukampeleka kwenye eksirei yetu, tukampiga picha ya ubavuni, ikathibitika. Tulikuwa tukibashiri kama atavunjika, naye alikuwa ameshavunjika.

Kessy alimweleza mwenyewe. Alimwita mama, akakaa kwenye kigoda ili asimtazame kutoka juu. Bi Hidaya akafikiri, akakumbuka siku moja, mwanzo wa msimu wa kusi, alipomwinua Mzee akasikia kitu mgongoni kikilia kama kijiti kikavu. Alilala siku mbili, akajisugua mafuta ya nazi, akadhani ni upepo umemwingia mwilini, akaendelea. Kessy akamwambia aliyevunjika pingili moja kwa namna hiyo yuko karibu sana kuvunjika ya pili, na nyonga pia. Atapewa vidonge. Lakini vidonge huchukua muda, na kumnyanyua Mzee inabidi kuishe leo.

Akajifunga ushungi vizuri.

“Haya,” akasema. “Mashine imesema. Sasa imesema nani atamnyanyua?”

Mimi nilitazama ile picha kana kwamba jibu lingekuwa pembeni pembeni, sehemu ambayo mtu huisahau.

Wenzangu vijana, nimeyaandika haya yote ili mfike hapa. Mtasoma mengi kuhusu namba hizi, na mengi ni kweli. Zinamtambua aliye hatarini kabla hajaanguka, jambo ambalo mimi na Kessy tulilililia miaka mingi. Na kuuliza mlangoni mjifunze: mwanamke amuulize mwanamke, kwa sauti ya chini, kama kuna kitu kiunoni ambacho angependa kikae pembeni kidogo, na mumpe kibakuli chenye kifuniko. Niliwafuata wote ambao picha zao zilikuwa na punje, nyumba kwa nyumba. Wengi walirudi. Wawili walisema namba ya kwanza inawatosha na wakanitengea chai. Lakini mkishampa mtu namba yake, na ni mbaya, mtakuwa mmemwambia aache jambo analolifanya kila siku, na jambo lile haliachi kuhitajika.

Habari ilienezwa. Baada ya sala ya Ijumaa imamu aliwaomba vijana wa mtaani wapokezane kumsaidia Mzee Shomari asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza walijaa mpaka wakakanyagana, wanne wanamwinua mtu mmoja na wa tano anatoa maelekezo. Wiki ya tatu wakawa wawili. Kisha maji ya bahari yakawa yanakupwa mapema, samaki wakasikika kisiwani Shungimbili watu wakahamia dago, kambi ya wavuvi, mwingine akanunua pikipiki na asubuhi ndiyo saa ya abiria. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kweli. Hakuna aliyekataa. Walikuwa tu hawapo.

Tukabaki Kessy na mimi. Tulipita kila asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, yeye akishika mabega, mimi miguu. Alituonyesha namna ya kumtelezesha juu ya ubao uliopigwa msasa, na kumgeuza kwa shuka badala ya mikono. Mzee alimzoea, akawa akimwona Mchaga yule mrefu akiinama mlangoni anacheka kwa upande mmoja wa uso. Bi Hidaya alisimama pembeni ameficha mikono chini ya kanga ili isije ikajisahau. Wiki kwa wiki alimeza kidonge chake kwa maji matupu, akakaa wima nusu saa kabla ya kula, kama alivyoambiwa. Ramadhani alikimeza adhana ya magharibi ilipolia, halafu akakaa kama mlingoti akitazama tende wakati sisi tunafuturu. Alisema hiyo ndiyo adhabu iliyofichwa ndani ya dawa.

Lori liliondoka. Vidonge vikaisha, vikapatikana, vikaisha. Kessy alistaafu akarudi Moshi. Kuna siku ananipigia simu kuniuliza naona nini. Alipoondoka, asubuhi nilikwenda peke yangu na ubao. Jioni sikuwa na nguvu ya kwenda, na kila nilipofika asubuhi nilimkuta Mzee amelazwa vizuri, amebadilishwa, ameelekezwa upande mwingine. Sikuuliza amelazwa na nani. Nilimtazama tu Bi Hidaya anavyotembea, kama tunavyotazama filamu, natafuta mstari mweusi. Alikuwa akipungua urefu. Nyonga haikukatika. Kama ni vidonge, kama ni ubao, kama ni Mungu tu, hakuna picha inayoweza kunionyesha, maana mfupa ambao haukuvunjika haupigwi picha. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, nami nimestaafu sijaizoea.

Mzee Shomari alifariki mwaka wangu wa mwisho kazini, alfajiri, usingizini. Habari ilitoka msikitini kwa kipaza sauti, na kabla ya adhuhuri uwanja ulikuwa umejaa. Walikuja kutoka Bweni wamebebana kwenye pikipiki, vumbi mpaka kope. Walikuja wavuvi, waashi aliowafundisha, wale vijana wa Ijumaa ambao sasa ni watu wazima, walimu na watu wa bara pia. Kubeba jeneza kuna thawabu, kila mtu anajua, na kila mwanamume anataka bega lake liguse japo hatua chache. Sisi wanawake tulikuwa ndani. Bi Hidaya alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza ukutani mahali palipokuwa kitanda.

Jeneza lilipoinuliwa sauti za shahada zikapanda, na kupitia dirishani nililiona likienda juu ya vichwa bila kutulia, linaruka bega hadi bega. Waliokuwa nyuma walikuwa wakikimbia kwenda mbele ili wapate zamu, wakisukumana, wakiombana nafasi.

“Wanaobeba wako wangapi?” Bi Hidaya akaniuliza.

“Ni wengi, mama. Wanamgombea.”

Alisikiliza mpaka sauti zilipoishia kwenye kona ya makaburini.

“Kumbe wapo,” akasema.